Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: kujua kazi nyingi kumegeuka adhabu

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Salamu kutoka wodi ya wazazi, hapa Moshi. Juzi rosta imebadilishwa tena usiku, kwa ujumbe wa simu. Mkunga aliyetoka zamu saa 2 asubuhi akatakiwa chumba cha upasuaji saa 8 mchana, eti kwa sababu "anajua kote". Toa daladala ya kwenda Himo na kurudi, hapo kalala saa ngapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla mtu hajaingia tena kazini. Nakala bila shaka ipo kabatini kwako.

Tupige hesabu. Nafasi moja isiyoachwa wazi usiku wala mchana ni saa 168 kwa wiki. Mtumishi, bila saa za ziada, ni saa 45. Ukiondoa likizo ya siku 28, nafasi hiyo moja inakula watu wanne, na hapo hajaugua yeyote wala kwenda mafunzo. Leba, yaani chumba cha kujifungulia, inataka wawili kila zamu, yaani wanane. Tuko sita, na watatu wamehesabiwa upasuaji pia. Huenda ndiyo maana kwenye karatasi za ofisini tunaonekana tumejaa tele.

Mafunzo kazini uliyoahidi tumeyaona: yanapangwa asubuhi ya mtu aliyekesha. Kumsaidia kichanga kupumua kwa bagi na maski ni kazi ya dakika ya kwanza, na mkono usiofanya mazoezi husahau. Dakika 15 kila wiki baada ya makabidhiano zinafaa kuliko semina ya siku nzima mara moja kwa mwaka, ila ziandikwe kwenye rosta kama kazi.

Tunachoomba ni jedwali la ujuzi wa kila mtumishi, la karatasi moja tu. Majina kushoto, vitengo juu: 1 anajifunza, 2 anafanya peke yake, 3 anafundisha. Zamu ya leba isikose mwenye 3. Mwenye 1 asihesabiwe mkono kamili. Na mwenye 3 asiwe ndiye kiraka wa kila pengo. Sasa hivi vijana wanakwepa kujifunza upasuaji, maana anayejua ndiye anayeitwa.

Mengine yatasubiri, mheshimiwa. Rosta ibandikwe wiki mbili kabla, kama ulivyotamka mwenyewe kikaoni. Wiki mbili tu.

Watumishi wako watiifu,
Wakunga wa zamu