Barabara ya zamani ya Uvinza isiachwe ife

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madiwani wa Kigoma na Uvinza, wahandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na wenyeviti wa vijiji vilivyo kati ya Ujiji na Uvinza. Lami imekuja, nasi tumeifurahia. Lakini vipande vya barabara ya zamani ya vumbi vilivyobaki pembeni, pamoja na njia za vijijini zinazoviunganisha, vinaanza kumezwa. Huku mtu amepanda mihogo katikati, kule kalvati limekatika na hakuna anayeuliza, kwingine magugu yamefunga kabisa. Ninachoomba ni kwamba njia hizi zitambuliwe rasmi kuwa njia za baiskeli, kwa sababu zikishagawanywa kuwa mashamba hakuna atakayezirudisha.

Nianze na wenyeji, maana wao ndio wenye njia. Tangu kipande cha Kidahwe hadi Uvinza kiwekwe lami, mgonjwa wa Kazuramimba anafika Hospitali ya Maweni mapema, na hilo peke yake linatosha kuishukuru. Ila mtazame anayesafirisha mawese kwa baiskeli. Madumu ya lita 20 yamefungwa kwa mpira kwenye karia, moja kila upande, na pengine la tatu juu. Lori likipiga honi nyuma yake hana pa kwenda ila kushuka ukingo wa lami, na ukingo huo una kimo. Gurudumu la mbele likishashuka, mzigo unamvuta nyuma na usukani unakataa. Nimeona mafuta mekundu yamemwagika kwenye kokoto na mwenye mzigo ameketi pembeni ameshika goti, na mafuta hayo ndiyo mtaji wake. Wanafunzi nao wanapita hapohapo. Kwenye vumbi gari lilikwenda polepole kwa kuogopa mashimo, na mwenye baiskeli alipata nafasi ya kukaa kando bila kuanguka.

Sasa njia yenyewe. Anayetoka Ujiji, penye miembe iliyoachwa na enzi za misafara, anateremka bonde la Luiche, kwenye mpunga na michikichi, hadi upande wa Simbo, ambako kipo kituo cha utafiti wa michikichi cha Kihinga. Hapo ana hiari. Akitaka kusini, ipo barabara ya Ilagala, ambako mto Malagarasi unakaribia kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Akitaka mashariki, anapita Kandaga na Kazuramimba, na vilima vya miombo vinaanza. Huku ndiko ninakokupenda kuliko kote. Mininga na mitundu imesimama pande zote mbili, barabara ni nyekundu, na mwezi wa Septemba, mvua ikiwa bado, majani mapya huchipua kwa rangi ya shaba hata kilima kizima kikaonekana kimepakwa rangi. Mtu wa ndani ya basi haoni haya. Ukiwa kwenye baiskeli unayaona, unayanusa, na ukichoka unakaa chini yake.

Mwisho wa njia ni Uvinza, pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia walichimba hapo mwaka 1967 na kukuta watu wamekuwa wakipika chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi hiyo ilisafiri kwa miguu ya wapagazi, na misafara iliyotaka kuvuka Malagarasi ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Uvinza. Kwa hiyo msafiri kulipa kidogo kwa kupita bonde hili si jambo geni lililoletwa na watalii.

Nasema hivyo kwa sababu wageni wapo. Ulimwenguni sasa kuna waendesha baiskeli wanaozikimbia lami kwa makusudi. Baiskeli zao zina usukani uliopinda kama za mashindano, lakini tairi ni pana, milimita 40 hivi au zaidi, na upepo hupunguzwa ili tairi ishike kokoto na isimrushe mtu. Mwaka 2021 wenzetu wa Kenya walianzisha mbio za namna hiyo Maasai Mara, za siku nne, na waendeshaji wa Afrika Mashariki wakashindana na watu waliotoka mbali. Rwanda wana njia ya Congo-Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu kati ya Rubavu na Rusizi, na watu hupanda ndege kuja kuiendesha. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kutoka huko, ukivuka Rusumo, ukashika Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu, umefika kwetu. Tunao mto wa kilomita 475 hivi, ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, misitu na ziwa. Kinachokosekana ni kibao cha kumwonyesha mtu akunje wapi.

Na wala si lazima awe mgeni mwenye baiskeli ya mamilioni. Baiskeli ya kawaida ya Fonix yenye tairi nzuri na breki zinazoshika inapita njia yote niliyoitaja, ilimradi mtu ajue majira. Kuanzia Juni hadi Septemba udongo ni mkavu, na adha kubwa ni mchanga wa kwenye vijito na ile mikunjo ya barabara iliyokaa kama bati. Mvua zikianza, kati ya Oktoba na Novemba, hadi Aprili, kokoto ya vilimani bado inapitika, lakini udongo mweusi wa mabondeni hujaa kwenye magurudumu hata baiskeli ikagoma kuzunguka, na mtu anaibeba begani. Kibao cha njia kiseme hayo wazi. Kiseme pia maji yanapatikana kijiji gani na fundi baiskeli yuko wapi. Kionye kuhusu mbung'o, wadudu wanaoambukiza malale, ambao huvutwa sana na rangi ya buluu na nyeusi, na huku kwetu malale si hadithi ya zamani tu. Mtu avae nguo za rangi hafifu.

Kuna wenzangu wanaotaka njia ivuke Malagarasi iingie hadi ndani ya misitu ya Masito. Hapo sikubaliani nao. Masito kuna sokwe wanaoishi kwenye miombo, na sokwe huambukizwa mafua na binadamu. Kupitisha makundi ya baiskeli katikati yao kwa ajili ya picha ni kuwadhulumu. Anayetaka kwenda huko aende na mwenyeji aliyewekwa na kijiji, kwa idadi ndogo, na alipe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kupata mapato yake. Kijiji kikiona fedha ya msitu uliosimama, kitakuwa na sababu zaidi ya kuwakatalia wachoma mkaa na kuzima moto wa kiangazi.

Liko jambo lisilongoja. Reli ya kisasa kutoka Tabora inakuja Kigoma. Reli ya namna hii huinuliwa kwa tuta na kuwekewa uzio, kama ilivyo kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na wananchi hupita chini kwenye vivuko vilivyojengwa. Njia ya baiskeli isiyoandikwa popote mhandisi haioni, na asipoiona hawezi kuiwekea kivuko. Mwenye madumu atajikuta anazunguka kilomita nyingi, au anarudi kwenye lami na malori. Naziomba halmashauri ziandike njia hizi sasa, kijiji kwa kijiji, wazee waonyeshe zilipopita, na ramani wapewe wajenzi wa reli na wa barabara.

Gharama si ya kutisha. Mabomba ya kalvati, mbao, rangi, na vijana wa vijiji kulipwa kufyeka mara baada ya mvua kwisha. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti za halmashauri hupangwa miezi kadhaa kabla. Diwani atakayelipeleka jambo hili kwenye kikao ajue wapo waendesha baiskeli Ujiji, Simbo na Kazuramimba walio tayari kuonyesha njia. Nakuomba na wewe, Ndugu Mhariri, umtume mwandishi wako aje kiangazi hiki. Baiskeli tutamtafutia, na kurudi kutoka Uvinza anaweza kupanda treni.

Wako mtiifu,
Mwendesha baiskeli,
Ujiji, Kigoma