Zuhura, kabla hujamnunulia Salim aksolotli

Leicester,
14 Agosti 2022

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza vizuri, nikaona bora nikuandikie, maana nikianza kuzungumza kwenye simu watoto hapa hawaniachi nikamaliza. Umeniuliza mambo mawili: Bwana Mdogo, aksolotli wetu, anaendeleaje, na je, umnunulie mwanao Salim aksolotli wake mwenyewe. La kwanza jepesi. Amepona, alhamdulillahi, na jana amekula nyungunyungu mzima kisha akawa anatafuta mwingine. La pili nitakujibu, ila nataka kwanza ujue maradhi yake yalikuwaje, kwa sababu jibu langu limo humo humo.

Unalikumbuka joto la mwezi uliopita. Tarehe 19 Julai, kule Coningsby mkoani Lincolnshire, joto lilifika nyuzi 40.3, na haijapata kutokea Uingereza tangu waanze kupima. Nyinyi Muscat mtasema hilo ni joto la kawaida, lakini nyumba za huku zimejengwa ili zishike joto, na sisi hatuna kiyoyozi. Chumba cha Nasra kiko juu kabisa, chini ya paa. Maji ya Bwana Mdogo siku zote yanakaa kwenye nyuzi 17 au 18. Asubuhi ile nilipokiangalia kipimajoto kilikuwa kwenye 26, na jua lilikuwa bado halijapanda.

Kwa samaki wengi tunaowajua, nyuzi 26 si kitu. Kwa aksolotli ni balaa. Huyu ni salamanda, jamaa wa chura ila ana mkia, wa Xochimilco, kwenye mifereji ya Jiji la Mexico, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maji ya huko ni ya baridi. Tena ni mnyama ambaye maisha yake yote hubaki kama kiluwiluwi: anakua, anazaa, anazeeka, lakini haachi maji wala hapotezi yale matamvua yake ya kupumulia yanayochanua nje ya kichwa, matatu kila upande. Maji yakipata joto hewa ya oksijeni humo hupungua, na wakati huo huo mwili wake unahitaji oksijeni nyingi zaidi. Ndiyo maana wafugaji wote wanakuambia usiruhusu maji yapite nyuzi 20, na kwamba ukifika 24 uko hatarini.

Jambo moja lazima ulijue juu ya huyu mnyama: uso wake haukuambii kitu. Mdomo umeumbwa kama anatabasamu, na atatabasamu hivyo hivyo hata roho ikiwa inatoka. Wa kuangaliwa ni mkia na matamvua. Bwana Mdogo alianza kwa kukunja ncha ya mkia. Kisha matamvua yakapinda kuja mbele, usoni, wakati siku zote huwa yamelala nyuma kwa raha. Nikampelekea kipande cha nyungunyungu kwa koleo ndogo. Akakivuta mdomoni kwa ule mfyonzo wao wa ghafla, akakitema. Akajaribu tena, akakitema. Nasra akaanza kulia palepale.

Kesho yake ndipo tulipouona ukungu. Kwenye ncha ya tamvua moja la kushoto palikuwa na kitu cheupe, chepesi, kama kipande cha sufi kilichonyofoka kwenye mto, kinapepea kila anapotikisa kichwa. Yule ni mweupe wa ngozi, na matamvua yake ni mekundu kwa damu, kwa hiyo usingeweza kukikosa. Palipoota kile kitu wekundu ulikuwa umekwisha na zile nyuzinyuzi laini zimelika.

Kabla ya dawa yoyote nikapima maji. Zuhura, hili nakusihi ulishike hata kama utafuga dagaa: mnyama wa majini akiumwa, pima maji kwanza. Kuna vichupa vidogo vya kupimia. Unachota maji, unatia matone, unangoja. Rangi ya amonia ikibaki njano, salama. Yetu ikaenda kwenye kijani. Amonia inatokana na mkojo na kinyesi chake na chakula kinachooza, na kwa kawaida kuna bakteria wanaoishi ndani ya chujio ambao huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao nao wanataka oksijeni. Na ubaya wa amonia ni kwamba maji yakipata joto, kiasi kile kile kinakuwa sumu zaidi. Inachoma ngozi na matamvua, na pale palipochomeka ndipo kuvu hukaa. Nilipokinyanyua kile chungu cha udongo anachojificha ndani yake nikakuta vipande alivyotema vimeshaanza kuoza.

Basi tukamtoa. Hatukutumia wavu, maana matamvua hunasa. Tulimchota na maji yake kwa bakuli kubwa, mikono imeloa, tukamweka kwenye beseni safi. Maji ya bomba ya huku yana klorini, ni lazima uyatie dawa ya kuiondoa kabla hajaingia, na uangalie kibandiko cha dawa hiyo, kwa sababu nyingine zimechanganywa na shubiri, ambayo watu wanaipenda kwa ngozi zao lakini kwa ngozi ya aksolotli haifai. Ngozi yake inanyonya kila kitu. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali mtu akuambie umwagie dawa za samaki za dukani. Nyingi zina shaba, na shaba itamuua kabla ya kuvu.

Kupoza maji nako kunataka subira. Ukimtoa kwenye 26 ukamtumbukiza kwenye 16 mara moja, unamuumiza upya. Tulichofanya ni kuliweka beseni ndani ya beseni kubwa zaidi lenye maji baridi, tukawa tunatia chupa za barafu kwenye lile la nje, tunaangalia kipimajoto, tunasubiri. Juu yake tukaweka feni ndogo ya mezani ipulize usoni mwa maji. Upepo ule peke yake unashusha nyuzi mbili tatu. Baba Nasra alikesha nayo usiku wa kwanza ingawa alikuwa na zamu asubuhi, na hakulalamika hata mara moja. Mimi nilipoamka kuswali alfajiri nilimkuta ameketi sakafuni anabadilisha chupa, maji yako 18, na ule mkia umeanza kunyooka.

Daktari tulimpata baada ya kupiga simu sehemu kadhaa, kwa sababu wengi wanatibu mbwa na paka tu. Huyu anashughulika na wanyama kama kobe, nyoka na vyura. Alikwangua kidogo sana kwenye ule ukungu, akautazama kwenye hadubini, akatuonyesha na sisi: nyuzi ndefu, nyembamba, zimesukana. Akasema ni kuvu ya majini inayoitwa Saprolegnia, ipo karibu kila mahali penye maji, na haimpati mnyama mzima ila aliyekwisha dhoofika. Hakutoa dawa ya bei. Alitoa chumvi.

Chumvi yenyewe ni ile isiyotiwa madini joto, wala kitu kingine. Vijiko viwili vya chai kwa kila lita ya maji, maji yawe na ubaridi ule ule wa beseni lake, akae humo dakika 10, asubuhi na jioni, kisha arudi kwenye maji safi. Zaidi ya dakika 15 chumvi nayo inaanza kumchoma. Na maji ya beseni yabadilishwe yote kila siku, kwa kuwa humo hakuna chujio na amonia inarudi haraka. Nasra ndiye aliyekuwa mshika saa. Aliketi na simu mkononi, na dakika ya kumi ilipofika hakuhitaji kuambiwa.

Utasikia watu wakisema mweke kwenye friji, kwenye nyuzi 5 hadi 8, eti baridi inazuia kuvu isikue. Wapo waliookoa wanyama wao hivyo na siwabishii. Lakini kumshusha mpaka huko ni mzigo kwa mwili wake, matumbo yanakaribia kusimama, na daktari wetu aliona chumvi na maji ya nyuzi 16 yanatosha. Wengine wanatia majani ya chai, chai kavu isiyo na viungo, kwa ajili ya ule ukali wake unaokaza ngozi. Sikuihitaji.

Ule ukungu ulianza kulegea wenyewe. Nilikuwa na hamu ya kuuvuta kwa koleo, daktari alikwishanikataza: unaondoka na nyama. Ukaning'inia, ukapungua, siku moja tukauona unaelea kwenye maji ya chumvi na tamvua liko tupu, limebaki kama kijiti. Hapo tulikuwa na huzuni na furaha pamoja. Chakula alikuwa bado anakataa, na hilo ndilo lililonikondesha mimi kuliko ukungu, ingawa aksolotli mkubwa mwenye mwili anaweza kukaa wiki na zaidi bila kula. Kisha jioni moja Nasra akamsogezea kipande kidogo, akakivuta, akafunga mdomo, tukasubiri, hakukitema. Nasra alishuka ngazi anapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa njoo uone lile tamvua. Zile nyuzinyuzi zinaota upya. Zilianza kama vinyweleo vyeupe, sasa zimeshaingia damu, na akizitikisa unaona wekundu unapita ndani. Mnyama huyu akikatika mguu huotesha mwingine wenye mifupa na vidole vyake. Nilikuwa nimeyasikia hayo siku nyingi, lakini kuyaona kwenye tangi nyumbani kwako, subhanallah, ni kitu kingine. Tangi lake tumelihamishia chini, ukumbini, ukuta wa kaskazini usiopata jua.

Sasa Salim. Najua wamemjaza hamu, hawa watoto wote waliwajua aksolotli mchezo wa kompyuta wa Minecraft ulipowatia mwaka jana, na Nasra alianzia huko huko. Lakini mwenyewe umeniambia maji ya bomba kwenu wakati wa kiangazi hayashikiki, yanatoka kwenye tangi la juu ya nyumba yamechemka. Kiyoyozi ukikiweka 24 wewe unajifunika shuka, na kwake hiyo ndiyo hatari yenyewe. Itabidi ununue mashine ya kupoza maji, na iwe inafanya kazi usiku na mchana, na umeme ukikatika mchana mmoja wa Juni mkiwa hampo, mtarudi mkute keshakufa. Na daktari wa kumtazama utampata wapi? Wanaishi miaka 10 hadi 15, shoga yangu. Salim atakuwa ameshaota ndevu, na mwenye kuchimba nyungunyungu utakuwa wewe.

Kwa hiyo nasema usimnunue. Nakuambia hivi kwa sababu nimemwona mmoja akiumwa kwa joto la siku chache tu, na kwenu joto ni la miezi. Akitaka samaki, mtafutie wadogo wanaopenda maji ya moto, kama gapi. Hao watakaa vizuri na nyinyi, na atajifunza kupima maji vilevile.

Na kama anawapenda aksolotli kweli, mwambie habari zao. Mwambie kwamba hawa wanaofugwa majumbani wengi wao wametokana na wale wachache waliopelekwa Paris mwaka 1864, na kwamba kule kwao Xochimilco wamebaki wachache kupita kiasi: mwaka 1998 watafiti walikadiria kama 6,000 kwa kila kilomita ya mraba, na ilipofika 2014 wakapata 36. Maji yamechafuka kwa taka za mji, halafu watu walitia samaki wageni kwenye mifereji kwa ajili ya chakula, na samaki hao wanakula mayai na watoto wa aksolotli. Unajua mmoja wao ni nani? Sato. Huyu huyu sato wetu wa Mwanza. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kitambo. Wakulima wa kule na watafiti wa UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, wanaweka vizuizi kwenye mifereji ya mashamba ili sato asiingie, na maji yachujwe na mimea. Nasra amebandika picha ya mashamba hayo mlangoni kwake.

Mexico wametoa noti ya peso 50 mwaka jana, na mgongoni ina aksolotli amechorwa vizuri ajabu, na mifereji ya Xochimilco nyuma yake. Mfanyakazi mwenzangu anakwenda huko Disemba. Nimeshamwambia aniletee mbili, moja ya Nasra, moja ya Salim. Wifi yangu anakuja Muscat mwanzoni mwa mwaka, nitampa yeye. Usimwambie Salim bado.

Niandikie unaonaje, na uniambie mguu wa mama unaendeleaje, hukuutaja kwenye ujumbe wako. Nisalimie Baba Salim na majirani wote wanaonikumbuka. Nasra anasema nimtumie Salim picha ya tamvua jipya. Nitaituma leo usiku.

Wako akupendaye,
Mama Nasra