Kaunti iwakinge farasi wa ufuoni

Mhariri,

Idi mosi nilimpeleka mjukuu wangu ufuoni, kaskazini mwa kisiwa, kumtimizia ahadi niliyompa tangu Ramadhani: apande farasi. Tulisimama foleni jua la saa saba. Mzunguko mmoja, shilingi mia mbili. Zamu yetu ilipokaribia ndipo nikaona kipande cha blanketi chini ya tandiko kimegandamana na kidonda, na nzi wamejaa. Nilimtoa mtoto foleni akilia. Hadi leo hajanisamehe.

Nilimuuliza kijana aliyeshika hatamu, mnyama huyu alikunywa maji saa ngapi? "Asubuhi, mzee. Nikimpeleka majini wateja wanaenda kwa mwenzangu." Sikumlaumu sana. Farasi si wake, analipwa kwa idadi ya mizunguko, na tajiri yake hakuwapo. Yeye mwenyewe alikuwa hajala.

Farasi ni mnyama wa kunyamaza. Mbuzi akiumia atalia hadi mtaa wa pili; farasi husimama tu, masikio kayalaza nyuma, akibadilisha mguu wa kuegemea. Asiyemjua husema ametulia. Hutoka jasho kama sisi, na kwa joto letu akifanya kazi anaweza kuhitaji zaidi ya lita 40 za maji kwa siku. Kutapika hawezi. Akimwagiwa majani mchangani, hula na mchanga, nao humjaa tumboni hadi msokoto umwangushe. Pwani hii hakuzoea kuishi kwa wingi, kwa ajili ya mbung'o na maradhi yake, ndiyo maana mizigo yetu ilibebwa na punda.

Sisi tuliopitia chuo cha Kurani twajua heshima yake. Suratul Adiyat inaanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio wakihema, kwato zikitoa cheche. Na Mtume (SAW) alisema kheri imefungwa katika nywele za paji la farasi hadi Siku ya Kiyama. Niliikumbuka hadithi hiyo pale pale nikaona haya, maana pesa nilikuwa nimeshaishika mkononi.

Sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtwika kupita kiasi au kumfanyisha kazi akiwa hafai kwa kazi hiyo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hebu piga hesabu: elfu tatu ni watoto 15. Siku ya Idi, mwenye farasi huirudisha kabla hajamaliza kahawa yake.

Kupandisha faini ni kazi ya Bunge la Taifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao. Hata leseni za mbwa zimetajwa humo. Basi waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Mombasa wanangoja nini? Mama wa viazi karai hudaiwa cheti cha afya kabla hajateleka mafuta. Farasi anayebeba watoto wetu naye awe na cheti, kilichotiwa saini na daktari wa mifugo baada ya kumkagua mgongo na kwato. Pawe na kivuli na hodhi la maji pale pale ufuoni, ili kijana asichague kati ya maji na wateja. Jua la saa sita hadi saa tisa wapumzike. Na majitu mazima kama mimi tupimwe kwanza: mzigo ukizidi thuluthi ya uzito wa farasi ni dhuluma ya wazi, na wajuzi wengi husimamia kwenye moja ya tano tu.

Najua nitaambiwa watu wenyewe wana njaa. Ni kweli, na yule kijana ni mmoja wao. Farasi akianguka, riziki yake imeanguka naye. Tajiri atanunua mwingine.

Idi ya mfunguo tatu haiko mbali. Mjukuu ameshaanza kuniuliza, na hodhi la maji si jambo la kungojea bajeti ya mwaka ujao.

Babu wa Kisauni,
Mombasa