Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Lango au Majina Kwanza?

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Hesabu za mwaka atazisoma mhazini, nami sitamwingilia. Itoshe kusema ada zimeingia kwa kusuasua, na wanaodaiwa wanajijua. Ziara ya Kwihara, nje kidogo ya mji wetu wa Tabora, kwenye tembe alimokaa mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1872, ilifanyika na wanafunzi waliifurahia, ingawa maswali yao mengi njiani yalihusu soda.

Jambo lililotushughulisha hasa ni lango. Katika mkutano uliopita baadhi yenu mlipendekeza tujenge lango la ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza mahali mtu anapoingia Tabora, na pembeni yake chumba cha makumbusho. Mfano mliotoa ni Lango la Menin katika mji wa Ieper, Ubelgiji. Kamati ikanituma nisome habari zake.

Lango lile lilizinduliwa 24 Julai 1927, upande ule ambako askari wa dola ya Uingereza walitokea mjini kwenda vitani. Kuta zake zimechongwa majina zaidi ya 54,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Hata hivyo kuta hazikutosha. Waliopotea kuanzia katikati ya Agosti 1917, karibu 35,000, majina yao yaliandikwa kwenye makaburi ya Tyne Cot, karibu na mji huo. Tangu 1928, kila siku saa mbili usiku, wapiga tarumbeta wa zimamoto ya mji husimama chini ya tao na kuwaaga wafu. Mjerumani alipouteka mji katika vita vya pili, tarumbeta zilinyamaza pale. Septemba 1944 mji ukakombolewa, na jioni hiyohiyo zikalia tena. Makumbusho yao, kwa taarifa yenu, hayako langoni. Yako katika jumba la kale la wafanyabiashara wa nguo, lililobomolewa na vita na kujengwa upya.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Mwaka uleule wa 1927, Dar es Salaam ilizinduliwa Sanamu ya Askari, ukumbusho wa askari Waafrika na wapagazi wa vita hivyohivyo. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa njema, lakini hakuna jina la mpagazi hata mmoja.

Na vita hivyo vilifika kwetu. Jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliingia Tabora 19 Septemba 1916 baada ya mapigano ya Lulanguru na Itaga dhidi ya Mjerumani, aliyekuwa akitutawala. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye akapewa ubaroni, akaitwa Tombeur de Tabora. Yaani mji wetu umo ndani ya jina lake, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyekufa kwa kuhara porini na mzigo kichwani hata jina lake mwenyewe hatunalo. Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Kwa hiyo kamati imeona hivi, na mimi nakubaliana nayo: lango lisubiri. Tukijenga leo tutaandika nini ukutani? Majina ya wafadhili?

Kuhusu vitu vya makumbusho, wengi mmeulizia ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa hapahapa mjini mwaka 1916 Mjerumani alipoishiwa fedha. Wakusanyaji wa nje wanaigombania. Sisi tutaweka picha.

Tulichoanza ni daftari. Kila mwanachama aulize nyumbani: babu au babu mzaa babu alikwenda vitani? Alibeba mzigo wa nani, alitoka kijiji gani, alirudi? Andika jina kama familia inavyolitamka, pamoja na aliyekusimulia. Mpaka sasa kurasa zilizojaa ni chache, na nyingi zimetoka kwa bibi zetu, si kwa wazee wanaume waliotuahidi. Daftari liko kwa katibu. Msisubiri mvua zianze, maana njia za vijijini mnazijua.