Roboti ya ngiri isubiri kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Siku hizi vijiweni stori ni roboti zinazopasua ngiri, ule ugonjwa wa utumbo kuchomoza penye udhaifu kwenye ukuta wa tumbo. Tuelewane kwanza: roboti haipasui peke yake. Daktari hukaa pembeni, macho kwenye skrini, mikono ikiongoza vyuma vyembamba vilivyopenyezwa tumboni kupitia matundu madogo. Wala si habari ya jana. Mashine ya da Vinci, mojawapo ya roboti hizo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000.

Kwa ukuta wa tumbo ulioachana vibaya, sibishi. Kushona kule ndani ni kazi pevu. Lakini ngiri ya kinena? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliilinganisha roboti na upasuaji wa matundu usiotumia roboti. Roboti ilichukua muda mrefu zaidi, ikagharimu zaidi, na mgonjwa hakuambulia nafuu ya ziada.

Jirani zetu wa Uganda walikwenda njia nyingine. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa: wengine wakawekewa, pale penye udhaifu, wavu wa kitambaa cha chandarua (ndiyo, chandarua, kilichotakaswa), wengine wavu maalumu wa hospitali. Mwaka ulipopita, matokeo yakakaribiana sana. Wavu wa chandarua dola 1, ule wa hospitali 125. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na sijasikia kijiwe kikiyajadili.

Baba yangu mdogo ana ngiri mwaka wa sita sasa, na mtaani wanamwambia ni busha. Anachosubiri yeye ni tarehe ya kuingia thieta.

Msomaji wako,
Tanga