Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula, na Nafasi Yenu Katika Maonyesho Yajayo

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam nyingi. Muhula umefika ukingoni. Ripoti za maendeleo mtazipata kwa mikono ya watoto wenyewe, zikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Naomba zifunguliwe nyumbani, mzazi na mtoto mkiwa pamoja. Safari hii walimu wa madarasa wameandika maoni marefu kuliko kawaida, kwa hiyo macho yasikimbilie alama peke yake. Habari za sare, vitabu vya maktaba ambavyo havijarudi na siku ya kufungua shule zimo kwenye karatasi ya pili. Barua hii nimeitenga kwa jambo moja tu, nalo ni maonyesho ya muhula ujao katika kituo cha sanaa cha chuo, na kazi inayowasubiri ninyi huko.

Kama watoto walivyokwisha kuwaambia, hatutaonyesha tena bwaloni, mahali ambapo mwigizaji hulazimika kushindana na sufuria za jikoni. Chuo cha jamii kimetufungulia kituo chake. Kina ukumbi mkubwa wenye viti vinavyopanda kwa ngazi, na chumba kidogo kilichopakwa rangi nyeusi pande zote, kisicho na jukwaa la kuinuka, ambamo viti hupangwa upya kwa kila onyesho. Wapo waliouliza chuo kinapata nini kwa kuhangaika na watoto wa sekondari. Kinapata darasa. Wanaosomea taa, sauti na uongozaji hawawezi kujifunza kwa kusoma vitabu tu. Wanahitaji onyesho lenye pazia la kweli na watu waliokuja kweli. Isitoshe, vyuo vya namna hii na shule za sekondari ni ndugu wa tumbo moja. Kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1901, kilianzia ndani ya shule ya sekondari kikiwa na wanafunzi 6.

Onyesho la kwanza ni la Kidato cha Tatu, katika kile chumba cheusi. Nitalieleza kwa kirefu, maana mzazi akija bila kujua atadhani mambo yameharibika.

Mchezo wenyewe hauzidi dakika 20. Unamhusu msichana anayetaka kusomea ufundi wa umeme wakati ukoo mzima umekwisha kuamua kwamba atakuwa muuguzi. Unaisha vibaya, na ni kwa makusudi: msichana ananyamaza, fomu inajazwa na watu wengine, taa zinazimwa. Hapo mwezeshaji anasimama mbele yenu na kuuliza, mngefanya nini? Kisha mchezo unarudiwa tangu mwanzo, na yeyote aliyeketi ana ruhusa ya kupaza sauti, “Simama!” Waigizaji wanaganda papo hapo, hata kama mkono umo hewani. Aliyepaza sauti anaingia, anachukua nafasi ya msichana na kujaribu njia yake. Anayeigiza baba hatakuachia kirahisi, kwa sababu muhula mzima amefanyia mazoezi ubishi.

Kanuni ni chache. Unachukua nafasi ya anayeonewa. Ya anayeonea huigusi, kwani ukimgeuza baba mkali kuwa baba mpole umeifuta shida bila kuitatua. Na ukileta suluhisho la kimiujiza, tuseme mjomba tajiri anazuka ghafla na kumaliza kila kitu, ukumbi una haki ya kukwambia, “Huo uchawi!” nawe ukarudi kitini kwako kwa heshima zote.

Namna hii ya kuigiza iliasisiwa na Augusto Boal, Mbrazili aliyeishi kati ya 1931 na 2009. Yeye mwenyewe alisimulia ilivyoanza. Mwaka 1973 alikuwa Peru akishiriki kampeni ya kisomo, na wakati huo bado watazamaji walikuwa wakitoa mapendekezo kwa mdomo, waigizaji wakiyatekeleza. Mama mmoja akapendekeza jambo kuhusu mke aliyedanganywa na mumewe. Waigizaji wakajaribu, mama akasema sivyo. Wakajaribu tena, akakataa tena. Mwishowe Boal akamwomba apande aonyeshe mwenyewe. Mama akapanda, akatwaa ufagio, akamtandika yule “mume” barabara, ndipo akaendelea na mazungumzo. (Sisi ufagio hatutauweka jukwaani.) Miaka mingi baadaye, akiwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro kati ya 1993 na 1996, Boal aliipeleka mbinu hiyo kwa vikundi vya wananchi, na mawazo yaliyotoka kwenye maigizo yao yakafikishwa barazani. Sheria 13 zilipitishwa kwa njia hiyo.

Sheria siwaahidi. Nataka watoto wamwone mzazi akifikiri kwa sauti mbele yao, akikwama, akijaribu upya. Nyumbani wanatuona tukiwa tumekwisha kuamua. Kwa hiyo akina baba mnaopenda kusimama nyuma karibu na mlango, safari hii mtasogezwa mbele. Viti vimepangwa kwa duara na mlango uko upande wa pili. Hakuna atakayelazimishwa kuingia mchezoni. Hata anayebaki kitini akasema “sikubali” amefanya kazi.

Wiki iliyopita nilipita kwenye mazoezi yao. Binti anayeigiza shangazi ana mstari mmoja wa kuchekesha, na mwalimu wa maigizo amemfundisha asubiri kicheko kipande, kianze kushuka, ndipo atamke unaofuata. Akiwahi, maneno yanamezwa. Akichelewa, mchezo unapoa. Tabu ni kwamba mazoezini hakuna wa kucheka. Basi mwalimu hucheka yeye, “ha-ha-ha,” uso mkavu kabisa, daftari mkononi, na binti anahesabu pumzi zake. Kicheko cha mwalimu kina urefu uleule kila siku. Chenu hakitakuwa hivyo, na binti huyo analijua hilo, na ndilo linalomkosesha usingizi.

Usiku wa kwaya ni mwepesi zaidi. Kwaya itawafundisha kiitikio robo saa kabla ya kuanza, kwa hiyo anayefika saa kamili amekwisha kuchelewa. Ukumbi utagawanywa pande mbili: wa kushoto utaanza, wa kulia utafuata ukiwa nyuma kwa mstari mmoja, na kwaya itapita juu yenu kwa sauti nyingine. Msioweza kuimba mnakaribishwa vilevile. Sauti nyingi husitiri mengi. Baada ya mapumziko itapiga okestra ya chuo, na hapa wengi huniuliza makofi yapigwe lini. Kipande kirefu huwa na sehemu kadhaa, na kati ya sehemu na sehemu kuna ukimya mfupi ambao siku hizi wasikilizaji huuacha upite. Desturi hiyo si ya kale kama watu wanavyodhani. Mwaka 1778 mtunzi wa muziki Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akimweleza jinsi alivyotunga kifungu akijua wazi kitawapendeza watu, na kweli wakapiga makofi muziki ukiendelea. Alifurahi mno. Kwa hiyo mkiwahi kupiga, hakuna atakayewakodolea macho. Anayetaka uhakika amtazame kiongozi wa okestra: mikono ikiwa bado iko juu, bado.

Madarasa ya chini yatakuwa na asubuhi ya hadithi na vikaragosi. Huko mtoto haambiwi anyamaze. Msimulizi akisema “Paukwa!” na ukumbi ukaitikia kwa uvivu, ataanza upya mpaka “Pakawa!” itikise viti. Asubuhi hiyohiyo, baada ya saa moja, hadithi itasimuliwa kwa mara ya pili kama onyesho tulivu. Taa za ukumbi hazitazimwa kabisa, sauti za ghafla zitapunguzwa, milango itabaki wazi, na kutakuwa na chumba cha pembeni chenye mikeka kwa mtoto aliyezidiwa na kelele. Mtoto mwenye usonji, au yeyote asiyeweza kukaa kimya, anaruhusiwa kusimama, kutembea, kutoka na kurudi. Nawasihi wazazi ambao kwa miaka wamewaacha watoto hawa nyumbani siku za maonyesho: waleteni. Wakitaka kuja siku moja kabla kuviona vikaragosi na kuvigusa, mwalimu wa elimu maalumu atawapokea. Katika maonyesho yote mkalimani wa lugha ya alama atakuwa upande wa kulia wa jukwaa, na safu mbili za mbele upande huo zimewekewa wanaomhitaji. Wengine tusizikalie hata zikionekana tupu.

Simu. Najua mlikuwa mkiingoja aya hii. Kutoka jukwaani mtu haoni umati, anaona giza. Na ndani ya giza hilo uso mmoja ulioangazwa na kioo cha simu huonekana kama taa ya gari. Mtoto hupoteza mstari wake hapo. Kuna jambo la pili, zito zaidi: ukirekodi wa kwako umewarekodi na wa wenzako, na kuna wazazi waliotuandikia wakikataa picha za watoto wao zisambazwe. Tutarekodi mazoezi ya mwisho, yale ya maleba (mavazi ya mchezo) kamili na taa zote, kwa ridhaa iliyoandikwa, na kila familia inayohusika itapata nakala. Simu zizimwe kabisa. Mtetemo husikika.

Na kuna tabia nyingine isiyozungumzwa sana. Mzazi anakuja, mtoto wake anaigiza, mzazi anaondoka. Muhula uliopita darasa lililoigiza mwisho liliwaigizia walimu na safu za viti vitupu, ingawa ukumbi ulijaa mwanzoni. Watoto wale waliona, wala hawakusema kitu, wakamaliza mchezo wao na kuinama kwa heshima kama walivyofundishwa. Safari hii madarasa yamechanganywa, hakuna anayejua mtoto wake atatokea saa ngapi, na msinipigie kuniuliza.

Njia kati ya viti zibaki wazi. Wahudumu wa ukumbi watakuwa wakali juu ya hili, na wengine wao ni wanafunzi wadogo kwenu kwa umri, tafadhali watiini. Tarehe 30 Desemba 1903 huko Chicago, ukumbi wa Iroquois, ambao haukuwa umemaliza hata miezi miwili tangu ufunguliwe na ulikuwa umetangazwa kuwa hauwezi kuungua, uliwaka moto katikati ya onyesho la mchana. Zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, wakiwa wamesongamana kwenye milango iliyofungwa au yenye makomeo wasiyojua kuyafungua. Ile milango ya chuo yenye chuma cha kusukuma kwa mwili ilienea katika kumbi baada ya msiba ule. Mkoba njiani, kigari cha mtoto, kiti cha ziada kwa ajili ya shangazi aliyechelewa: vyote vitaondolewa.

Tunahitaji pia mikono. Maleba ya Kidato cha Pili hayajamalizika, na mwenye cherehani na jioni moja ya kutoa atakuwa ametuokoa. Fundi seremala au yeyote anayejua kupima na kukata mbao atusaidie kujenga mandhari ya jukwaani, chini ya usimamizi wa mafundi wa chuo. Wanaotaka kuona mambo ya nyuma ya jukwaa watapewa nguo nyeusi na kazi ya kupokea vifaa gizani. Mtaviona vile vipande vidogo vya utepe unaong'aa vilivyobandikwa sakafuni, kila kimoja kikionyesha mguu wa kiti au mahali pa mtu kusimama. Kanuni ya huko ni moja, kutokung'oa utepe wowote.

Baada ya kila onyesho la jioni waigizaji watakaa ukingoni mwa jukwaa kwa dakika kama 15 kuzungumza nanyi. Ulizeni. Swali la “mmewezaje kukariri yote hayo?” litaulizwa tu, hata nikilikataza, lakini jaribuni na mengine: kwa nini mama wa mchezoni hakumtazama bintiye hata mara moja? Nani aliamua taa ile iwe ya buluu? Watoto wamebishana juu ya mambo hayo kwa wiki nyingi na wana majibu yasiyofanana. Makosa mliyoyaona wanayajua wenyewe. Yaacheni mpaka kesho yake, au yaacheni kabisa.

Viti vinatolewa bure, lakini ni lazima kujiandikisha, kwa sababu chumba cheusi ni kidogo na chuo hakiruhusu mtu hata mmoja kuzidi. Kata kipande cha chini cha barua hii, andika jina la mwanafunzi, idadi ya watakaokuja, onyesho mnalolitaka, na kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu au anayehitaji kukaa karibu na mkalimani. Mtoto akirudishe kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule. Wanaojitolea kushona, kujenga au kuhudumu ukumbini waweke alama nyuma ya kipande hichohicho. Familia isiyoweza kuja usiku iandike hivyo pia, ili tuiwekee nafasi kwenye mazoezi ya maleba, ambayo yatafanyika mchana.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule