Valvu zako mbili zisizolingana

Kaloleni, Arusha

Ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima. Mama watoto anakusalimia, na anauliza zile ndizi ulizoahidi zimeishia Boma Ng'ombe au vipi.

Ujumbe wako kuhusu amplifaya ya gita la kwaya, na valvu zake mbili zisizovuta umeme sawasawa, nimeusoma. Kwanza kabisa, valvu usizitupe. Aliyekwambia kwamba 6L6GC, hizo valvu za mwisho zinazosukuma spika, zisipokuwa jozi iliyolinganishwa dukani zitaunguza amplifaya amekuuzia hofu. Jozi ni nzuri, sikatai, lakini hatari yenyewe ni kupima valvu moja na kudhani nyingine iko vilevile.

Tuchukue namba zako. Pleti, lile bamba ndani ya valvu linalopokea mkondo, ina volti 440; valvu moja inavuta miliampea 46, ya pili 33. 6L6GC imepangiwa wati 30 kwenye pleti, na mafundi wengi hawaivushi asilimia 70 gita likiwa kimya, yaani wati 21. Gawa 21 kwa 440, unapata karibu miliampea 48. Kwa hiyo hata hiyo kali bado iko ndani ya mpaka. Mwenzake amezubaa tu. Usije ukageuza bayasi, ile volti hasi ya gridi inayoamua valvu ivute kiasi gani, ili aliyezubaa afike 46, maana yule mkali ataruka mpaka, na ukizima taa ya chumba unaweza kuona pleti yake imeanza kuwa nyekundu. Amplifaya ikiwa na sehemu moja tu ya kurekebishia, anayeamua ni yule anayevuta zaidi.

Natumaini ulipima kwa rezista ya omu 1 kati ya kathodi (mguu wa valvu mkondo unakoanzia) na ardhi, milivolti moja ikiwa miliampea moja, na uliiacha ipate moto kwanza. Namba hiyo imebeba na mkondo kidogo wa skrini, wavu mwingine ndani ya valvu, kwa hiyo pleti inapata pungufu kidogo ya unachosoma. Hilo halina madhara.

Ila kabla ya kuzilaumu valvu, zibadilishane soketi. Hapa ndipo wengi wanaparuka. Ile 46 ikihama na valvu yake, sawa, valvu ndizo hazilingani. Ikibaki palepale kwenye soketi, ugonjwa uko kwenye amplifaya yenyewe. Hapo tutapima volti hasi ya gridi pande zote mbili. Zikipishana, shuku kapasita inayoleta sauti kwenye gridi: ikianza kuvuja hupitisha volti chanya, inakula ile hasi, na valvu inachemka. Hapo hata ukinunua valvu mpya kabisa, itachemka kwenye soketi ileile.

Tuseme ni valvu. Tofauti ya 13 utaisikia. Zinavuta kwa kupokezana, na zikilingana, mvumo wa hezi 100 wa pawasaplai unajifuta ndani ya transfoma ya spika. Zisipolingana zinakuwa kama maksai wawili kwenye nira moja, mmoja anavuta, mwingine anasindikiza. Mvumo unabaki, na mkondo wa ziada unaielemea transfoma upande mmoja, hivyo besi inapungua nguvu. Wapo wapiga solo wanaoipenda hali hiyo, kwa sababu harmoniki za namba shufwa (sauti za juu zinazozaliwa na noti, mara mbili, mara nne na kuendelea) hazifutiki zote na sauti inanenepa. Kwa gita la rizimu chini ya kwaya nzima, mimi siitaki.

Dawa ni kuipa kila valvu volyumu yake ndogo ya bayasi, yaani rezista ya kugeuza yenye miguu mitatu. Fender, mwishoni mwa miaka ya 1960, waliweka kwenye amplifaya zao nyingi volyumu ya kusawazisha pande mbili, lakini hiyo inagawa tu, haipandishi wala kushusha zote kwa pamoja. Zetu zitakuwa mbili. Kati ya mguu wa katikati wa kila volyumu na upande wake wenye hasi kubwa tutachomea rezista, ili mguu huo ukiachia siku moja valvu ipoe badala ya kuwaka. Kisha tunaziweka zote karibu na 40. Zikipishana mbili au tatu, acha. Kulingana zikiwa kimya si kulingana zikipigwa, kwa hiyo usijitese kutafuta sufuri.

Tutapima umeme wa ukutani ukiwa karibu na volti 230. Jioni ukishuka, namba zote zitashuka nao. Usianze kugeuza tena.

Na tafadhali, usiifungue peke yako. Kapasita kubwa zinaweza kushika zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na hizo hazina utani. Usiiwashe bila spika pia.

Njoo nayo Jumamosi. Valvu zitoe, kila moja ndani ya soksi yake, na uandike kwenye karatasi ipi ilikaa soketi gani. Volyumu na rezista ninazo. Spika usihangaike kuibeba, hapa ipo ya omu 8, ila nitumie kwanza picha ya nyuma ya amplifaya nione imeandikwa omu ngapi.

Rafiki yako